Pole Nilizopokea Hispania

Mume wangu aliendesha magari ya watalii maisha yake yote ya kazi. Aliwapeleka wageni mbugani, akawasimamishia gari wapige picha za simba, na jioni akala na madereva wenzake nyuma ya jiko la hoteli. Alipostaafu, mdogo wangu wa mwisho, ambaye ameoa Valencia na anafanya kazi hospitali huko, alitualika. Ana gari kubwa lenye kitanda, jiko la gesi na sinki humo humo ndani. Alisema tulichukue, tushuke nalo pwani polepole, mji baada ya mji, mpaka Cádiz. Cádiz aliitaka mume wangu mwenyewe. Mgeni mmoja aliwahi kumsimulia habari za mji mkongwe uliozungukwa na bahari karibu pande zote, na hakuzisahau.

Mimi nilikubali kwa ajili yake. Ndivyo nilivyojiambia.

Kwetu ni juu ya Usa River, njia ya kupandia mlimani. Wazazi wetu wamezikwa hapo hapo, pembeni ya migomba. Mama alipomfuata baba niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikabaki na wadogo zangu, na tangu hapo sijawahi kulala mbali na pale ila kwa ugonjwa au msiba. Safari hii hakukuwa na mgonjwa wala maiti, na sikujua mtu anaagaje katika hali hiyo. Mdogo wangu wa kike, anayenifuata, alihama chumba chake cha Kaloleni, Arusha mjini, akaja kuangalia nyumba na ng'ombe wangu mwenye mimba. Siku ya kuondoka alinifungia ndizi za kuchoma kana kwamba naenda kuuguza.

Jioni ya kwanza barabarani alipiga simu. "Shikamoo dada. Poleni na safari."

Tulikuwa tumeegesha nje kidogo ya Alicante. Mume wangu anakaanga mayai, mimi nimekaa kwenye kiti cha kukunja, miguu nimenyoosha, sina la kufanya. Sikumbuki ni lini nilikaa hivyo huku mtu ananipikia. Najua pole ya safari ni salamu tu, hata aliyetoka sokoni hupewa. Lakini jioni ile niliona haya kuipokea bure. Nikamwambia kitanda ni chembamba, mgongo unaniuma.

Kesho yake nikaongeza miguu kuvimba. Tulipofika Cartagena nilimwambia jua ni kali na hakuna mahali pa kupumzika. Kumbe asubuhi nzima tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za mawe za ukumbi wa Warumi, ambao kwa muda mrefu ulikuwa umefukiwa chini ya nyumba za watu, tukicheka mpaka mlinzi akatugeukia. Njiani mume wangu alikuwa ameingia kwenye mzunguko kwa upande wa kushoto kama yuko Arusha. Magari yakampigia honi kila upande, naye akasema kwa utulivu, "Ala, huku siyo kipilefti, ni kipiraiti." Hilo sikumsimulia mdogo wangu. Alipoomba tuonane kwa video nilisema mtandao hauna nguvu. Akanipa pole nyingine, akasema wenzake wa jumuiya wameanza kuniombea.

Málaga kuna ngome ya kale juu ya kilima, na ndani yake maji yanapita kwenye vijifereji vyembamba sakafuni. Mume wangu aliinama akasikiliza, akasema ni sauti ya mfereji wetu wa shambani. Tulishuka tukiwa na furaha hiyo, na tulipofika kwenye gari simu yake ikaita.

Alikuwa mdogo wetu wa Valencia. Aliomba radhi, akaomba tena. Dada yake aliyebaki nyumbani alikuwa amempigia akilia, akamuuliza ni akili gani kumpakia mtu aliyemlea kwenye gari kama gunia, kwa umri huu, mgongo mbovu na miguu imevimba. Sasa angekuja kwa treni, aturudishe yeye mwenyewe, atutafutie ndege ya mapema. Mume wangu alisikiliza, akasema sawa. Akaanza kukunja viti.

"Ungeniambia mgongo unauma," alisema. "Ningekuachia godoro lote, nikalala mbele kwenye kiti. Nimezoea."

"Hauumi."

Akabaki ameshika kiti. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Hakunigombeza. Alisema tu nimwambie mdogo wangu wa kike, maana yeye hawezi kumwambia neno kama hilo shemeji yake.

Nikapiga. Nilimwambia siumwi, kitanda ni kizuri, nakula, nalala, natembea. "Nafurahi," nikasema, na neno hilo lilinitoka kwa taabu kuliko yote.

Nilimsikia ng'ombe nyuma yake. "Kwa hiyo jumuiya nzima imepiga magoti kumwombea mtu aliye fungate?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Dada, tulipokuwa wadogo ulikuwa unasema umeshakula jikoni. Nilikuwa naamini. Nilikuwa namalizia na chakula chako. Nilikuja kujua nimeshakuwa mtu mzima, na mpaka leo tukila pamoja nakuangalia mkono kama unafika mdomoni. Sasa ukisema umeshiba ni uongo, ukisema unateseka ni uongo. Mimi nifanyeje?"

Alisema atampigia yeye mwenyewe mdogo wetu wa Valencia asije kutuchukua, na kwamba kuanzia hapo nimwambie kila kitu kilivyo.

Basi tukafika Cádiz. Mume wangu alitembea juu ya ukuta wa baharini, mikono nyuma, akisimama popote alipotaka. Hakuna aliyekuwa anamsubiri kwenye gari. Mimi nilinunua samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye karatasi, nikampigia mdogo wangu kwa video. Nikamwonyesha minara, vichochoro, kuba la kanisa kuu. Kisha akawaona samaki.

"Watamu?"

"Watamu sana."

"Mimi ningewapenda?"

Nilitaka kusema wana miba. "Ungewapenda," nikasema.

"Haya." Akaniambia mvua inashuka kutoka mlimani na hajakata majani ya ng'ombe. Simu ikakatika.

Nikabaki nimesimama pale, nakula. Mume wangu aliporudi aliangalia ndani ya karatasi, akauliza wake wako wapi. Sikuwa nimemwachia.