Geti la Mama Cheche

Marisawa, zile risasi ndogondogo za kupigia ndege, zilipomwagika juu ya bati la karakana, Mama Cheche alikuwa amepiga magoti akichomelea bawaba za geti la mteja. Alivua miwani yake myeusi, akaokota punje moja, akaigeuza kiganjani. Upande wa pili wa ua, mumewe, fundi cherehani, alikuwa keshajificha chini ya meza pamoja na suruali ya mtu.

"Toka huko, mume wangu. Meza yenyewe ubao laini."

"Nitatoka wakimaliza," Fundi alijibu kutoka chini.

Wawindaji waliozifyatua walianza kuja tangu wawili hawa waliponunua shamba lile mwisho wa barabara ya vumbi: nyumba, karakana, mahindi kiasi, na nyuma yake kichaka kilichojaa kanga na sungura. Mwanzoni walikuja kwa miguu na mbwa wao, wakisalimia. Baadaye wakaja na gari, salamu zikaisha. Mbuzi mwenye mimba akapigwa marisawa ubavuni akafa, na hakuna aliyesema hata pole. Fundi alishauri wamwachie Mungu. Mkewe akasema Mungu ana kazi nyingi, hii ndogo ataifanya mwenyewe. Jina la Mama Cheche alipewa na majirani kwa ajili ya kazi yake ya kuchomelea, ingawa wapo waliosema ni kwa ajili ya mdomo.

Asubuhi ile aliifuata milio hadi kichakani, bado amevaa aproni ya ngozi. Akawakuta wanaume wanne na mbwa wanaohema. Mkubwa wao, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hakuwahi kuonekana bila kofia pana. Watu walimwita Kofia.

"Mnatafuta nini shambani kwangu?"

"Kwako?" Kofia alicheka. "Mama, sisi tumeruhusiwa na mwenyewe. Muulize Mzee Dereva."

Dereva alikuwa jirani wa nyuma, mstaafu wa malori, mtu wa miraba minne na sauti ya kuita abiria. Mama Cheche alimkuta uani kwake akiosha gari lisilotembea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimeshajua kilichokuleta. Mpaka wetu ni kijito. Kichaka kiko upande wangu wa kijito. Basi ni changu, na wageni wangu wanakaribishwa."

Hapo ndipo alipoelewa. Mvua kubwa za mwaka uliopita zilikifanya kijito kiache njia yake ya zamani na kupita karibu kabisa na mahindi yake. Dereva aliamka siku moja akajikuta tajiri.

"Mzee, kijito kimehama. Ardhi haijahama."

"Kalalamike kwa maji," alisema Dereva, akaendelea kusugua taa.

Aliporudi nyumbani, Fundi alimsihi. "Mke wangu, ugomvi wa mpaka hauna mshindi. Kichaka chenyewe hatukilimi."

"Leo kichaka, kesho mahindi, keshokutwa watakuja kutuuliza tunalala upande gani wa kitanda."

Alimwita mpima ardhi. Bwana yule alikuja na mashine yake ya miguu mitatu, akazunguka kutwa nzima, Dereva nyuma yake, Mama Cheche nyuma ya Dereva, na majirani nyuma ya wote. Jiwe la mpaka lilifukuliwa chini ya matope ya mkondo wa zamani, ng'ambo kabisa ya kichaka. Kichaka kilikuwa cha Mama Cheche, hakuna cha kuuliza.

Akataka kupiga kigelegele, mpima akainua mkono. "Bado. Huku kwenye kona, banda lako limeingia kwa mzee. Hatua mbili nzuri."

Dereva alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, binti yangu! Mwizi kamshika mwizi!"

Uso wa Mama Cheche uliwaka. Banda lile ndiko alikoweka vyuma vyake vyote, na alilijenga kwa mikono yake akiamini yuko kwake. Angeweza kubisha. Angeweza kuomba wabadilishane. Aliingia karakana, akatoka na mashine ya kukatia chuma, na mbele ya watu wote akazikata nguzo za banda lake mwenyewe, moja baada ya nyingine, cheche zikiruka hadi miguuni mwa Dereva. Bati lilipoanguka, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Chako hicho, Mzee," alisema akipangusa jasho. "Sitaki cha mtu. Na changu hakuna atakayekanyaga."

Dereva aliinama, akamsaidia kubeba bati moja kulivusha mpaka.

Wiki hiyohiyo Mama Cheche alitengeneza geti zito, akalisimika penye njia ya gari iendayo kichakani, akafunga kufuli. Kofia hakujali. Siku ya mapumziko, jua limeshapanda, walivunja kufuli, wakaingiza gari, wakaanza kufyatua. Safari hii Mama Cheche hakuwafuata. Alivuta waya wa umeme kutoka karakana, akasukuma geti likafungika, akaliunganisha na nguzo yake kwa chuma na moto. Kisha akapiga simu polisi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Waliporudi na kanga wawili mkononi, Kofia aliliona geti.

"Fungua!"

"Halina cha kufungua. Nimelichomelea. Ninyi miguu mnayo, piteni kando muende zenu. Gari litawasubiri askari hapa."

Kofia alishusha bunduki begani. Hakumwelekezea, ila hakuirudisha. "Mwanamke, unanijua mimi?"

Nyuma yake Mama Cheche alisikia nyayo. Alikuwa Fundi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuja akasimama bega kwa bega na mkewe.

"Mimi nakujua," Fundi alisema, sauti ikikwaruza. "Hiyo suruali nimeishona mimi. Kiuno chako nakijua kuliko mkeo. Weka hiyo bunduki chini, bwana."

Mmoja wa wenzake Kofia alipasuka kwa kicheko, akajifanya anakohoa. Kofia alitazama huku na huku, akamwona Dereva akija amejifunga taulo kiunoni, kelele zimemtoa bafuni.

"Mzee! Waambie! Si wewe uliyeturuhusu?"

Dereva aliliangalia geti, akawaangalia wale wawili. "Niliwaruhusu nikiwa mwongo," alisema. "Mpaka umepimwa. Kichaka ni chake."

Askari walipofika waliomba vibali. Cha bunduki kilikuwapo, cha kuwinda hakikuwapo. Bunduki zilipakiwa kwenye gari la polisi, kesi ikafunguliwa, na baadaye Kofia akatozwa faini na kunyang'anywa kibali cha bunduki. Lakini kabla hawajaondoka Mama Cheche alikataa kukata geti mpaka wawindaji waokote maganda yote ya risasi kichakani. Waliokota wameinama, Kofia naye, askari wakiangalia saa.

Fundi alirudi kwenye cherehani yake akatetemeka vizuri kwa utulivu, na mkewe akamshika mikono mpaka ikatulia. Hakumtania hata kidogo.

Wako wanaosema alizidisha, kwamba kanga wa porini hawana mwenyewe. Mama Cheche huwajibu kuwa kanga hawana mwenyewe, lakini bati la karakana yake linaye. Na kiangazi kilichofuata kundi jingine lilikuja, vijana wa watu wenye mbwa wazuri. Walisimama nje, wakabisha hodi, wakaomba kwa adabu waruhusiwe siku moja tu.

"Mmeomba vizuri," aliwaambia Mama Cheche. "Na mimi nimekataa vizuri. Nendeni salama."