Mgonjwa Niliyempeleka Pangani

Nimeishia darasa la nne na nina malori matatu. Nisimamishe chini ya mchungwa kule Muheza, nitakutajia mti utatoa magunia mangapi kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Wenye shahada zao wananiita bosi. Najisifu, ndiyo, maana hakuna aliyenishika mkono.

Kwa hiyo mwaka jana, nilipoacha kusikia furaha wala uchungu, sikumwambia mtu. Lori moja lilipinduka na mzigo wote, dereva akatoka mzima. Nikapigiwa simu, nikasema haya, nikaendelea kunywa chai. Mke wangu ndiye aliyeona.

"Baba watoto, leo siku ya ngapi hujagombana na mtu?"

"Nimekua."

"Hujakua. Umezimika."

Nikaenda kwa maalimu wa mtaani kwetu, Makorora. Akaniandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa siku saba. Ladha yake naikumbuka. Mengine yalibaki vilevile. Mke wangu akasema kombe sawa, sasa hospitali. Lakini kliniki ya akili hapa mjini nitaonekana, na Muheza wananijua mpaka mbuzi. Nikaenda kliniki ya Pangani, nimevaa kofia ya mwanangu, nimeishusha mpaka kwenye nyusi.

Mtu wa kwanza kumwona kwenye benchi alikuwa maalimu yuleyule.

"Shikamoo, maalimu."

"Marahaba. Umeleta mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Yuko wapi?"

Nikaangalia mlango. Akacheka mpaka kanzu ikatikisika. "Basi na wangu yuko hapohapo alipo wako. Mwaka wa tatu huu namleta. Kaa, bwana, unawazibia watu upepo."

Nikakaa. "Kumbe kombe lako halifanyi kazi?"

"Linafanya. Na vidonge vinafanya. Nani kakwambia uchague?"

Mabenchi yalikuwa yamejaa, karibu wote vijana. Nikamwambia dunia imeharibika, zamani hatukuwa na wagonjwa wa namna hii.

"Mama yako alipigiwa ngoma ya pepo mara ngapi?"

Nikahesabu. Kila mwaka. Siku saba za udi na wanawake wamejaa nyumba nzima, na siku ya nane mama anapika, anatuchekesha. Hatukusema anaumwa. Tulisema ana watu wake.

"Huyo nani alimwandika kwenye daftari la hospitali?" akauliza maalimu.

"Lakini hawa vijana wote?"

"Hilo sijui. Nilipoanza kuja palikuwa na benchi moja. Sasa yako matatu."

Nesi akatokea mlangoni, akaita jina langu kamili kwa sauti ya mnadani. Watu wakageuka. Mmoja wao alikuwa mkulima ninayenunua machungwa yake. Geti lilikuwa wazi, hatua kumi tu kutoka nilipokaa.

Nikasimama, nikavua kofia. Nikaingoja aibu ije. Haikuja. Nikaingia.