Mtihani Niliouficha

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ualimu wangu, mwanangu, ni siku niliyoshangiliwa katika ukumbi wa shule moja kule Pasiansi. Najua utashangaa. Kesho unaanza kazi niliyoifanya mimi miaka mingi, ya kuratibu shahada ya kwanza ya hisabati, na umenijia nyumbani kuuliza mbinu za kuwavuta wanafunzi. Mbinu ninazo. Ila kaa kwanza, unywe chai, nikusimulie mojawapo ilivyonifikisha pabaya.

Nilipokabidhiwa programu ile nilikuwa bado binti machoni pa wenzangu, mwanamke peke yangu idarani. Darasa zima la mwaka wa kwanza lilienea kwenye mabenchi mawili, na wakubwa walishatamka kwamba tukishindwa kulijaza mwaka unaofuata, shahada inafungwa. Basi nikafunga kibwebwe. Nikachapisha bango, nikazunguka shule za sekondari kuanzia Ilemela mpaka Magu.

Silaha yangu ilikuwa shindano la kasi. Wanafunzi wa kidato cha sita wanapanda jukwaani, naandika hesabu ubaoni, naangalia saa, na atakayemaliza wa kwanza anapata fulana ya chuo. Watoto walikuwa wanapiga kelele kama wako mpirani! Siku ile ya Pasiansi alishinda binti anaitwa Nyamizi, mwembamba, mpole, aliyemaliza wenzake hawajafika hata nusu. Nikamvalisha fulana mbele ya shule nzima, nikatamka, "Hisabati ya chuo ndiyo hii hii, tumeongeza chumvi kidogo tu. Njoo, hutapata shida." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwalimu wao wa hisabati, Mzee Masanja, ambaye hata mimi alinifundisha, hakupiga makofi. Alikuwa anafuta ubao taratibu. Nilimwona, nikajifanya sikumwona.

Nilikuwa nimesema uongo, na yeye alijua. Sekondari unaulizwa jibu ni ngapi. Chuoni unapewa jibu, unaulizwa kwa nini ni lazima liwe hivyo, na hapo kasi haikusaidii kitu. Unaweza kulala na swali moja, ukaamka nalo wiki nzima, na bado usijue pa kuanzia. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilifeli mtihani, alama nane kwa mia, nikarudi kwa Mzee Masanja nalia kwamba nimekuwa mjinga. Yeye ndiye aliyenirudisha chuo. Karatasi ile ya mtihani niliitunza chini kabisa ya droo ya ofisini, na hakuna mwanafunzi wala mwenzangu aliyewahi kuiona.

Darasa likajaa, shahada ikapona, nikapongezwa kikaoni. Nyamizi alikuja chuo amevaa fulana yake.

Katikati ya muhula akaja ofisini kwangu, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ingia, ukae."

Hakukaa. Akasema amepata sifuri kwenye majaribio yote mawili, kwamba wenzake wanaandika yeye anaangalia dari. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Samahani, Mwalimu. Wewe hukuwahi kukwama hivi?"

Mwanangu, droo ilikuwa pale pale gotini kwangu. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu. Lakini nje ya dirisha walikuwa wamesimama wenzangu wawili wanaongea, wanaume waliozoea kunitazama kama mgeni asiyejua ataondoka lini, nikaogopa wasije wakasikia. Nikacheka. Nikamwambia, "Hapana, mimi nilikaza tu. Kaza na wewe." Akaitikia, akanishukuru. Huko kunishukuru ndiko kunakoniuma mpaka leo. Wiki iliyofuata kitanda chake bwenini kilikuwa kitupu.

Mzee Masanja alikuja mwenyewe hadi ofisini. Nilimwamkia, akaitika bila kunitazama.

"Kabula, nilikupa mtoto anayeweza. Umemfanya nini?"

Nikaanza kujieleza: udahili, maneno ya wakubwa, wingi wa wanafunzi. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Sijakuuliza habari za chuo. Ulimwambia kwamba na wewe ulifeli?"

Nikainamisha kichwa.

"Basi nilikurudisha bure," akasema. Akachukua kofia yake, akaondoka.

Nilimtafuta Nyamizi. Nilikwenda mpaka kwao, nikaambiwa yuko Geita kwa shangazi yake na hataki kuonana na mtu wa chuo. Nikaacha barua, haikujibiwa. Miaka ikapita, ndipo siku moja nikapita Mirongo, kwenye kibaraza cha mafundi cherehani, nikasikia, "Shikamoo, Mwalimu." Ni yeye. Nikaketi kwenye kigoda cha wateja, nikamweleza yote: karatasi, alama nane, wale wenzangu wa dirishani. Alinisikiliza, mguu umetulia juu ya kanyagio.

"Ungeniambia siku ile ningebaki," akasema. "Mimi nilijua ni mimi peke yangu."

Hakuwa na hasira. Alichukua kitambaa akafuta mafuta kwenye cherehani, akaendelea na gauni la mtu. Kitambaa kile kilikuwa kipande cha fulana ya chuo.

Sikufanya tena shindano la kasi. Nilianza kwenda shuleni na swali moja lisilojibika upesi, tunahangaika nalo saa nzima, wanafunzi na mimi, kisha naitoa karatasi yangu ya alama nane inapita mkono kwa mkono. Kuna miaka darasa lilipungua na wakubwa wakaninunia. Lakini waliokuja walijua wanakokuja, na walipokwama walinibishia hodi bila aibu.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Itangaze hisabati kwa nguvu zako zote, inastahili, lakini usimwite mtoto wa mtu kwa kumficha ugumu uliokuliza mwenyewe. Na akija siku moja kukuuliza kama na wewe uliwahi kukwama, usitazame dirishani. Mjibu.

Karatasi yenyewe hii hapa, ichukue. Ishike polepole, imechakaa kwenye mikunjo. Na kama na wewe unayo yako umeificha mahali, nenda kaitoe hiyo kwanza. Mungu akujalie darasa lenye watu, na autangulizie ulimi wako ukweli kila atakaposimama mtoto mlangoni mwako. Mimi nilimpoteza mmoja. Wewe asikupotee hata huyo mmoja.