Ubongo wa Dada

Fundi alikuwa mwanamke wa kushona sare za shule, na utulivu hakuwa nao. Mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani, macho yapo dirishani, masikio yapo jikoni. Wateja walimtania kwamba akikupima kiuno anakuzunguka mpaka unasikia kizunguzungu.

Hali hiyo ilizidi dada yake alipoanza kusahau.

Dada huyo alikuwa opereta wa simu katika ofisi kubwa. Enzi zake namba zote zilikuwa kichwani. Mkurugenzi akitaja jina tu, laini imeshaunganishwa. Alipostaafu alihamia kwa Fundi, wakaishi katika vyumba viwili nyuma ya duka la kushonea. Hapo ndipo watafiti walipowakuta. Walikuwa wanafuatilia wanawake kadiri wanavyozeeka, wajue kwa nini wengine wanabaki na akili zao na wengine zinawaponyoka. Kila mwaka wawili hao waliitwa kliniki. Walipimwa damu, presha na masikio, wakasomewa maneno wayarudie, wakachorishwa uso wa saa.

Mara ya kwanza Dada aliyarudia maneno yote, kisha akayarudia kinyumenyume bila kuombwa. Siku hiyohiyo daktari wa utafiti, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliwaeleza kwamba anayependa anaweza kuacha ubongo wake ukachunguzwe akishafariki.

"Wangu chukueni," Dada alisema. "Nitakuwa sina kazi nao."

Fundi alimkanyaga chini ya meza.

"Na usinikanyage. Wewe ndiye utakayewapigia simu. Niahidi."

Fundi aliahidi, ilimradi watoke mle ndani.

Miaka ikaenda. Dada akaanza kuyatafuta maneno kama mtu anayepapasa swichi gizani. Siku moja aliishika pasi ya baridi, akaiweka sikioni, akasema kwa sauti ileile ya kazini, "Ofisi kuu, nikuunganishe na nani?" Fundi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaenda bafuni, akafungulia maji ili kilio chake kisisikike. Baadaye Dada akawa anamwita shangazi. Fundi naye akaanza kujichunguza. Neno "kishikizo" likimkwepa kwa dakika, anaacha kushona mpaka alipate. Akienda sokoni alitembea akijitajia majina ya wateja, na akikwama kwenye moja anarudi kuanza upya.

Dada alifia hospitali, asubuhi, kwa homa ya mapafu. Muuguzi alimfunika, akampa Fundi pole na kiti. Kiti hakukikalia. Alijua kazi ya watafiti haingoji, maana ubongo unaharibika haraka. Alikwenda mpaka mwisho wa korido na kurudi, simu mkononi, hajapiga. Kaka yao, mwashi, akamkuta hapo, viatu bado vina saruji.

"Unampigia nani?"

"Wale wa utafiti."

"Dada hapasuliwi kichwa. Tunamzika alivyo."

"Alisema mwenyewe, kaka."

"Alisema lini? Akili zilishamhama zamani."

"Alisema akiwa mzima kuliko mimi na wewe."

Kaka alipunguza sauti. "Watu wataniuliza mimi, si wewe. Watasema tumemuuza."

"Waambie ni mimi."

"Na wewe una uhakika?"

Hakuwa nao. Alikuwa anaomba moyoni simu isipokelewe, aweze kusema alijaribu. Alipiga. Ikapokewa papo hapo.

Walimchukua, na jioni wakamrudisha. Kitambaa kichwani kilikuwa kimefungwa vizuri; asiyejua asingejua. Kaka alimtazama muda mrefu. Kesho yake alizika pamoja na wengine, akashika njia yake bila kumuaga Fundi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Fundi alifumua mishono isiyo na kasoro na kuishona upya. Alipiga simu kliniki mara kwa mara, akawa anajibiwa, "Bado, mama, tuvumilie." Mwishowe daktari akamwita. Alimweleza taratibu kwamba Dada alikuwa na ule ugonjwa wa kusahau, lakini haukuwa peke yake. Mishipa mingi midogo ilikuwa imeziba, na palikuwa na makovu ya viharusi vidogo ambavyo hakuna aliyevigundua. Huenda ilikuwa presha ya miaka mingi.

"Kwa hiyo na mimi nitakuwa hivyo?"

"Sijui, mama. Ubongo wa dada unatufundisha habari za wanawake wengi, lakini wako hatuwezi kuusoma humo. Ila presha yako iko juu, na hiyo tunaweza kupambana nayo."

Fundi alitaka ndiyo au hapana. Alitoka hana hata moja, na siku hiyohiyo, kwenye kurudia maneno, mawili yalikuwa yamemponyoka. Alitembea mpaka nyumbani kwa miguu, akilitafuta la pili.

Kaka alimkuta mlangoni pa duka baada ya wiki kadhaa. Alizungumzia mvua, akazungumzia bei ya saruji, kisha akauliza huku anaangalia barabara, "Waliona nini?"

Fundi alimwambia yote. Kaka akapangusa uso.

"Presha. Kama baba, alipoamka mkono haufanyi kazi."

"Kama baba."

"Basi na mimi wanipime hao."

"Wanapima wanawake, kaka."

"Hata nikiwapa ubongo?"

"Wako wataupatia wapi?"

Kaka alicheka kwanza, Fundi akafuata, na walipomaliza wote wawili walikuwa wanafuta macho.

Asubuhi yake walikwenda zahanati ya kawaida. Presha ya Kaka ilikuwa juu kuliko ya Fundi, na alibisha kwamba mashine ni mbovu mpaka muuguzi akaleta nyingine. Wote wakapewa vidonge. Tangu hapo wanakwenda pamoja kila mwezi, wakigombana njia nzima ni nani aliyesahau kumeza. Fundi bado hajui lipi linamngoja. Zipo siku analala vizuri, na zipo siku anaamka kabla ya jua, anawasha taa ya cherehani na kujitajia namba za simu za watu wote anaowafahamu.