Jina Lisilo na Somo

Kwetu mtoto mchanga akilia bila sababu tunasema analilia jina. Wanawake wanakaa mkekani, anawekwa kwenye titi la mama yake, anatajiwa majina ya wazee waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina likitajwa akanyamaza na kunyonya, ndilo hilo. Mzee mwenye jina anakuwa somo wake, wa kumlinda. Somo akiwa hai, humfunika mtoto kanga mpya siku ya kutolewa jina. Akiwa marehemu, ndugu humfunika kwa niaba yake. Mimi shule niliyosoma ni ya ngumbaru, kuandika nimejifunza ukubwani, lakini hili la majina sikufundishwa na mwalimu wala sihitaji mwalimu.

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa miaka ile ya maduka matupu, tukifulia majani ya mpapai na kula ugali wa unga wa njano hadi matumbo yakatuchoka. Tulikaa Ngamiani, hapa Tanga, mimi na binti yangu na mumewe, Mpemba, kibarua wa bandarini. Mtoto alikuwa wa kike, mzuri, nasema mzuri kwa sababu alifanana na mimi. Akaanza kulia.

Angelia kwa nguvu ningelala usingizi. Huyu alilia kama bawaba iliyokauka mafuta, taratibu, bila kukoma. Titi analishika, analitema. Nikawa kila nikimbeba namgusa utosi, na kila nikimgusa naukuta umezidi kubonyea. Sikumwambia binti yangu. Alikuwa ameshaanza kunitazama mkono kila ukienda utosini.

Nikamtajia wa kwetu. Nilianza na marehemu mama yangu, Mdigo wa Moa, aliyezaliwa mvua inanyesha akapewa jina la mvua yenyewe, mvula kwa lugha yetu. Nilikuwa na hakika naye. Mtoto akalitema titi. Nikataja shangazi, nikataja bibi mzaa bibi. Wapi.

Ndipo akaja mkwe wangu, mama wa yule Mpemba. Alishuka kwenye boti mnene, buibui limemtuna mbele na nyuma, nikadhani maskini ana mimba uzeeni. Kufika chumbani akafunga mlango, akaanza kujivua. Kanga juu ya kanga. Mchele ndani ya foronya, umefungwa kiunoni. Sabuni zikadondoka sijui kutoka wapi. Kwao Pemba vitu vilikuwa vimeanza kuonekana, huku kwetu ukikamatwa navyo bado unaitwa mlanguzi. Alipomaliza, akabaki mwanamke mwembamba kuliko mimi.

"Mtoto mmempa jina gani?"

"Bado anachagua."

"Anachagua! Mpeni la marehemu mama yangu, nuru, neno la Kiarabu safi. Mtoto wa Kiislamu mnamtajia mvua za porini?"

"Mkwe, na huo mchele uliokuja nao kiunoni, uliota kwa nuru?"

Akasonya. Akamweka mtoto kwenye titi la binti yangu, akamtajia jina hilo. Mtoto akanyamaza. Mkwe akanitupia jicho, lile jicho nalijua. Kabla hajalirudisha, mtoto akatema titi, kilio kikarudi palepale kilipoishia.

Basi tukashindana. Mimi upande huu nataja wangu, yeye upande ule anataja wake, sauti zinapanda, mtoto katikati utosi unapiga kama moyo wa kifaranga.

"Basi!" binti yangu akapiga kelele. "Mnamwita au mnanadi samaki?"

 Akamfunika mtoto kwa upande wa kanga yake akasema, "Nuru ya mama huyu, mvula ya mama huyu. Nimeyaunganisha. Jina lake ni hilo." Akalitamka. Mimi hapa silitamki, ni la mwenyewe, lakini vipande vyote nimeshawapa.

"Hilo jina," mkwe akasema, "au dawa ya mbu?"

Nilicheka. Nilicheka, lakini ndani nilipoa kama maji ya mtungi. Vijana wa mjini walikuwa wameanza mtindo huo, kichwa cha jina la baba, mkia wa jina la mama, Kiarabu huku, Kizungu kule, wanashona tu. Wafanye kwa watoto wenye afya! Wetu alikuwa analegea. Jina lile hakuwahi kuitwa mtu, hai wala mfu. Huko waliko wazee, likitajwa, nani atageuka? Nani atasema huyu ni wangu, mwacheni kwanza?

Siku ya saba maalim akaja. Mbuzi wa akika hakupatikana, tukaahidi. Tulipika ule mchele wa kiunoni, na binti yangu, ambaye tangu ajifungue alikuwa anadonoa ugali kama kuku mgonjwa, akala sahani akaomba tena. Mtoto akanyolewa. Kilio chake hakikupanda hata kwa wembe, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Jina?" maalim akauliza. Binti yangu akalitaja.

"Maana yake?"

"Nuru na mvua, maalim."

Akafikiri. "Halina ubaya. Somo wake ni nani?"

 Hilo ndilo swali nililoliogopa.

"Mimi," nikasema.

"Mimi," mkwe akasema, wakati uleule.

Watu wakacheka. Mkwe hakucheka. Alitoa doti mpya, haijakatwa bado, akaipasua kwa meno, akanirushia kipande kimoja. "Shika. Usije ukamfunika kwa hilo lako linalonuka mpapai."

Tukamfunika, kila mmoja na kipande chake. Maalim akainama, akalisema jina sikioni mwa mtoto.

Kilio kikakatika.

Watu wakasema mashaallah. Mimi nikasema amekufa. Sikusema kwa mdomo. Niliruka na kumwekea mgongo wa mkono puani, na mkwe naye akaruka, vichwa vyetu vikagongana nikaona nyota mchana. Ukatoka upepo mdogo, wa moto. Ukatoka tena. Binti yangu akamweka titi, akashika, na safari hii nikaliona koo dogo lile likipanda na kushuka.

Mkwe mpaka alipofariki alishikilia kuwa ni mchele wake ulioleta maziwa. Mimi nasema ni jina. Tumebishana miaka, hata maduka yalipojaa sabuni za kila rangi na yeye akaanza kusafiri na nguo moja kama watu wengine.

Lakini naye alikuwa na hofu kama yangu, nilimwona. Mtoto akiitwa akachelewa kuitika, sote wawili tulikuwa tunasimama. Sasa mjukuu wangu ni mtu mzima, ana nyumba yake, na mkwe hayupo, nasimama peke yangu. Nikimwita akachelewa, mkono huu unanyanyuka wenyewe, mgongo juu, kutafuta pua. Kisha namwita tena, kwa sauti zaidi, vipande vyote viwili, mpaka aseme, "Abee, bibi, kwani kuna nini?"