Goti Lililokatazwa Kucheza

Siku goti langu lilipoharibika hakuna aliyenigusa. Tulikuwa tunacheza mpira wa magongo na wanawake wa kutoka Kisumu. Mimi nilikuwa beki, mwalimu wa shule ya msingi hapo Kakamega mjini, mama wa watoto wawili. Niligeuka kumfukuza mshambuliaji, mguu ukanasa kwenye shimo la nyasi, mwili ukaendelea bila huo mguu. Nilisikia ko! kama muwa unaovunjwa. Refa akanipigia kelele, "Amka, mama, usipoteze muda!" Nilijaribu. Nikaanguka tena.

Hospitalini daktari alinikunja mguu huku na huku, akatikisa kichwa. "Mfupa ni mzima. Kano ndizo zimekatika. Wewe una watoto na kazi. Mpira umekwisha."

"Nani amesema umekwisha?"

"Mimi."

Nyumbani mume wangu alimuunga mkono. Yeye alichezea timu ya kandanda ya kiwandani. Mwaka uliotangulia kipa wao alivunjika mguu, wakambeba juu juu kama bwana harusi, na alipopona walimrudisha golini kwa vifijo. Nikamkumbusha. "Yeye akivunjika ni shujaa. Mimi nikivunjika ni mjinga?" Alichukua kikombe chake cha chai akatoka nje.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Matungu, na kuku chini ya kwapa. Alilitazama goti, lilikuwa limevimba kama papai.

"Mwanangu, wanawake wa huku hawachezangi na fimbo. Hilo goti limekuonya."

"Mama, ulipoanguka na mzigo wa miwa ukavunjika mkono, nani alikwambia uache shamba?"

Nilidhani nimemkosea adabu. Halafu akacheka mpaka leso ikamteleza kichwani. "Kula ingokho kwanza," akasema, akaenda kumchinja yule kuku.

Uvimbe ulipopungua nilianza kupanda kilima nyuma ya shule kila jioni, goti limefungwa bendeji. Kupanda hakukuwa shida. Kushuka ndiko kulinitoa machozi. Wanafunzi waliniona nikichechemea wakaniiga, nami nikawaacha waige. Wenzangu wa timu waliniwekea nafasi yangu. Hakuna aliyeniuliza kama nitarudi. Waliniuliza lini.

Nilirudi msimu uliofuata. Sikuweza kugeukia upande wa kulia, kwa hiyo nilijifunza kusimama pembeni kulia mwa uwanja, ili kila mpira unikute upande wa kushoto. Wapinzani waligundua haraka. Mmoja alinipita mara mbili, na mara ya pili akafunga. Mwanamume mmoja kando ya uwanja akapaza sauti, "Mtoeni huyo kiwete!" Mume wangu alikuwa amesimama karibu naye. Sikusikia alichomwambia, lakini yule mtu alihama upande wa pili wa uwanja.

Tulifungwa siku hiyo. Nilicheza hadi filimbi ya mwisho, na misimu miwili zaidi, mpaka goti lenyewe likakataa. Siku hizi nikipanda ngazi nashikilia ukuta, na mvua ikikaribia najua kabla ya majirani. Watu wakiniona wananipa pole. Naipokea, maana ni adabu. Lakini wanaposema, "Laiti ungemsikiliza daktari," hapo nawakatiza. Nilimsikiliza vizuri sana. Nilikataa.