Maiki za Kumrekodi Mpiga Chelo

Mpiga chelo wetu alipopata kazi ya kulea watoto huko Ghuba, Uarabuni, hakuanza kwa kutuambia habari ya kazi. Alianza kwa kuuliza kama kuna mtu anayejua kurekodi. Tulikuwa wanne, fidla mbili, viola na chelo, na kila Jumamosi asubuhi tulikutana katika ukumbi wa kanisa moja Kawangware kupiga muziki wa Wazungu waliokufa zamani. Wote wakanigeukia mimi. Mimi hupiga viola, na nina kibanda cha kutengeneza redio Kibera, upande wa Olympic. Kutengeneza redio ni kujua jinsi sauti inavyotoka. Jinsi inavyoingia sikujua lolote, lakini nilisema sawa.

"Ni ya mathe," mpiga chelo akasema. "Chelo siwezi kwenda nayo. Na ni miaka miwili. Nataka abaki na kitu."

Mama yake alikuwa amelala hatua mbili kutoka kwa chelo hiyo kwa miaka tisa. Aliiita kabati. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema anaipenda.

Nilienda mjini, kwenye maduka ya vifaa vya sauti ya barabara ya Luthuli, nikamweleza muuzaji kwamba nataka maiki ya bei nafuu ya kurekodi ala bila spika.

"Chukua hii, boss," akasema. "Hata maaskofu wanatumia."

Nilirekodi nayo mazoezi yaliyofuata, kisha nikampelekea mama yake nyumbani, aisikilize kwenye simu. Alikuwa akichambua maharagwe na hakuacha.

"Nani huyo?"

"Ni binti yako, mama."

"Ana mafua?"

Nilirudi kibandani nikafikiri. Maiki ya jukwaani, kama hiyo niliyouziwa, imetengenezwa kwa ajili ya mdomo ulio karibu. Ukiiweka mbali, ala zote nne zinasikika kama ziko ndani ya gunia. Basi nikaazima ile ndogo ya kubana kwenye kola kwa jamaa anayepiga video za harusi, nikaibana kwenye chelo yenyewe. Sasa kila kitu kilisikika: upinde ukikwaruza nyuzi, kifungo cha blauzi kikigonga mbao, na mpigaji akivuta pumzi.

Mama alisikiliza kwa muda. "Hapa mmeniweka ndani ya kabati," akasema.

Mara ya tatu nilipata maiki mbili za mitumba, nyembamba kama vidole, kwa mtu aliyekuwa akirekodi kwaya na sasa anauza simu. Zilikuwa za aina inayopokea umeme kutoka kwa mashine ya kurekodia, na mashine nikaiazima kwake. Nilikaa siku mbili nikiamini nimeuziwa maiki zilizokufa, mimi fundi, kabla ya kugundua kwamba kuna kitufe cha kuwasha umeme huo.

Tatizo likabaki ni mahali pa kuziweka. Niliuliza watu, na kila mmoja alikuwa na jibu lake. Mwishowe nikamwomba mama aje ukumbini. Hakuwa amewahi kufika hapo. Tulipiga kipande kirefu huku yeye akihamisha kiti chake, kwanza mbele kabisa, halafu karibu na mlango, halafu katikati. Alipofika kama hatua nne kutoka kwetu, akaketi na kuweka mkoba wake chini.

"Hapa nawasikia wote," akasema. "Na yeye namtambua."

Nikafunga maiki zote mbili kwenye fimbo ya pazia, nikaisimamisha nyuma ya kiti chake, juu kidogo ya kitambaa chake cha kichwa. Mwenye kinu cha unga cha jirani alikubali kuzima mashine kwa nusu saa, kwa sharti kwamba na yeye aingie asikilize. Aliketi nyuma, mweupe kwa unga hadi nyusi, na alikohoa mara mbili kwenye sehemu ya polepole. Mabati yalianza kulia kwa joto la saa nne. Hatukusimama.

Chelo ilipomaliza noti yake ya mwisho pakawa kimya, na katika kimya kile mama akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe."

Mpiga fidla wa kwanza alitaka tulikate neno hilo, pamoja na kikohozi.

"Kikohozi kata," mpiga chelo akasema. "Hilo lingine liache."

Sikuweza kukata kikohozi bila kukata muziki, kwa hiyo vyote vilibaki. Aliondoka wiki iliyofuata. Nilimwachia mama yake rekodi kwenye flashi na kwenye simu.

Baada ya miezi miwili mpiga chelo alinipigia. Aliomba nimtumie tena rekodi nzima, kwa sababu simu yake, iliyokuwa na nakala yake, ilikuwa imeanguka majini. Alisema alizoea kuisikiliza akipiga pasi, hasa mwisho wake. Kisha akauliza kama mama yake anaisikiliza.

Siku hiyohiyo nilipita nyumbani kwa mama, Kawangware, nikamuuliza. Flashi alikuwa ameihifadhi kwenye bahasha, pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

"Ya kazi gani?" akasema. "Mimi si nilikuwepo."

Halafu akanikaribisha chai.